Jogoo wa Mjomba na Paja la Gairo

Bigwa, Morogoro
9 Februari 2025

Mjomba wangu Mikaeli,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto unaniuma. Nilijikwaa nikishuka jukwaani haraka, maana watu walikuwa wamenyamaza mno. Mama anakusalimu. Anasema dada yako bado ana masikio, kwa hiyo uache kumtumia salamu kwa kumpigia kelele dereva. Ndizi zimefika na Fuso ya Mwinjuma. Chane moja haipo, naye anaapa ilianguka mlimani.

Sasa la maana. Mjomba, nimeacha kazi ya dukani, nataka kuwa mchekeshaji. Sisemi wale wa kujipaka unga na kuvaa suruali ya mtu mnene. Kwenye huu uchekeshaji wetu unasimama peke yako na kipaza sauti, unasema, watu wanacheka. Mimi nimeshafika kwenye kusema.

Nina meneja, anaitwa Sufiani. Yeye anasema zama za kaseti zimekwisha, za CD zimekwisha, hata televisheni inachungulia kaburi. Kila kitu sasa kiko kwenye simu, na kichekesho lazima kiishe kabla kidole gumba cha mtu hakijasogea. Amenipa mpaka mwisho wa Juni. Nisipochekesha hadi hapo, ananiacha, na Mama amesema nitarudi dukani kuuza madaftari bila kunung'unika.

Ndiyo maana nakuandikia. Ukoo mzima unakuita wewe wakifiwa watani wetu, ukoo wa Mzee Stambuli. Nilipokuwa mdogo nilikuona umelala ndani ya kaburi, umegoma kutoka mpaka upewe soda baridi, na wafiwa walikuwa wanacheka machozi yakiwatoka. Unafanyaje, Mjomba? Ningekupigia simu, lakini najua simu yako umeifanya tochi.

Mpwa wako mwenye mguu mmoja mzima,
Prisca


Matombo
23 Februari 2025

Mpwa wangu Prisca,

Marahaba. Safari nyingine weka shikamoo mbili, moja haitoshi kwa barua iliyolala kwenye Fuso wiki nzima. Sisi huku tupo. Mbuzi yupo. Iliki imekubali mwaka huu. Katekista Ezekiel anaumwa jino na ameacha kuimba, kwa hiyo tunamshukuru Mungu kwa mambo mengi. Mwambie mama yako Yustina sitaacha kupiga kelele.

Stambuli ameniibia jogoo. Nimeamka asubuhi, banda liko wazi, na mlangoni kwangu ameniachia unyoya mmoja, kama risiti. Ndiyo desturi yake tangu tukiwa vijana. Mimi nilikuwa nimemchukulia sufuria ya pilau, na pilau yenyewe ikiwa ndani, hivyo nilikuwa namtegemea.

Sasa swali lako. Utani una mwenyewe, mwanangu. Mtu asiye mtani wako ukimwambia kichwa chake kama kibuyu, umemtukana tu. Kwanza msalimie. Ujue kwao ni wapi, mama yake ni nani, mbuzi wake wana hali gani. Hapo ndipo kibuyu kinaingia. Huyo Sufiani wako na kidole gumba chake ananishangaza. Mimi kwa muda anaoutaka yeye ninakuwa bado sijafika kwenye habari za watoto.

Na kwa kuwa umeuliza, nikuambie. Utani huu si mali yangu, ni wa ukoo, na kwetu mjomba hurithiwa na mpwa. Ndugu zako wengine nimewajaribu, hawawezi kumchekesha hata mlevi. Mimi na Stambuli tumeahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamzika kwa vicheko mpaka watu washike mbavu. Yeye ameshaniambia atakavyoniiga ninavyotembea. Nami nina maneno nimemwekea, mazuri, sitayaandika hapa kwa sababu Mwinjuma anafungua barua.

Ni mimi mjomba wako, niliyeibiwa,
Mikaeli


Bigwa
16 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo. Poleni na mfungo wa Kwaresima, na Mzee Stambuli mpe pole ya Ramadhani. Mama yupo, anauza maandazi kwa wasiofunga na anawasema vibaya wakishaondoka.

Nimefanya ulivyosema na nimekimbizwa Gairo.

Ilikuwa Ijumaa, ukumbi umejaa wakulima wa karanga waliouza vizuri. Nikawasalimia. Nikauliza kwa sauti, "Nani hapa ni mtani wangu?" Mbele kabisa kulikuwa na baba mmoja mnene, ana nusu kuku kwenye sahani, akanyoosha mkono. Mjomba, nilifurahi! Nikashuka, nikamwambia, "Mtani, cha kwako changu," nikachukua paja, nikaling'ata, nikarudi nalo jukwaani.

Kumbe alinyoosha mkono kumwita mhudumu alete pilipili. Na kumbe ndiye mwenye ukumbi. Alisimama, akalitazama paja, akanitazama mimi, akasema, "Binti, hilo ndilo nililokuwa nimelitunza nile mwisho." Watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikavunjika. Nilitokea mlango wa jikoni, nikapanda lori la mahindi, na nilipofika Morogoro paja bado lilikuwa mkononi.

Kuna mtu alirekodi. Sijui itakuwaje.

Prisca


Matombo
6 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, zote mbili. Itakuwaje? Imeshakuwa. Katekista Ezekiel amekuonyesha kwenye simu yake kwa kanisa zima baada ya misa. Umekula kuku Ijumaa ya Kwaresima mbele ya taifa! Alikutazama tena na tena kwa masikitiko, na kila ukiling'ata lile paja alikuwa anacheka akishika shavu lenye jino.

Nina swali moja. Yule baba ulimuuliza kwao kabla ya kula au baada? Najua jibu. Ulichofanya ni wizi. Utani ni pale ninapochukua cha Stambuli nikijua kesho atakuja kuchukua changu, na nisipomwona kesho, silali vizuri. Wewe umechukua paja la watu. Je, yeye atachukua nini kwako?

Huku Idi imepita lakini Stambuli anaendelea kufunga. Nimemwambia Mungu hatoi pepo mbili kwa mtu mmoja, ale. Hataki, na amekonda. Uvivu umemwingia. Juzi amemrudisha jogoo! Amemtuma mpwa wake Mwanaasha amlete akiwa amefungwa miguu. Nilimfokea yule binti, nikamwambia utani gani huu wa kurudishiana vitu kama wakopeshaji, ampeleke alikomtoa. Akasema mjomba wake ameamuru. Basi jogoo yuko hapa, anawika, ananiudhi.

Mkungu ule wa karibu na njia umeiva mpaka unadondoka. Hakuna anayeuiba.

Mikaeli


Bigwa
27 Aprili 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo mara tatu, maana nimekuwa mtu mkubwa! Morogoro nzima inaniita Dada Paja. Watoto wa shule, makondakta, mpaka padri mmoja nilipompa mkono aliuangalia kwanza mkono wake uliporudi. Sufiani anaruka kama panzi. Anasema ile video imetazamwa na watu wengi kuliko hotuba.

Na kuna kampuni ya kuku wa kukaanga Dar es Salaam wanataka kunipa mkataba wa mwaka mzima. Nitakuwa natokea kwenye simu za watu, nanyakua paja la mtu, nakula, nakimbia. Kusema hawataki. Nimeuliza hata neno moja? Wamesema mdomo utakuwa umejaa. Uzinduzi ni tarehe 22 Juni, mbele ya waandishi. Nikitia saini, Mama hawezi tena kunirudisha dukani.

Nimefurahi sana. Juzi nilialikwa Mzumbe, kwa wanafunzi wa chuo. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuhusu Mama na maandazi yake. Niliposema tu "Habari zenu" ukumbi mzima ukaanza, "Paja! Paja!" Wakaniletea sahani. Nikala. Wakapiga makofi, wakaondoka. Lakini nimefurahi, Mjomba. Siku hizi kuku wakiniona njiani wanavuka barabara, na mimi nikiwaona naangalia pembeni.

Mzee Stambuli mwambie aache uvivu.

Prisca


Matombo
19 Mei 2025

Mpwa wangu Prisca,

Marahaba. Hakuna jipya. Mvua imenyesha mpaka vyura wameomba hifadhi jikoni. Barabara imekatika baada ya Mkuyuni, kwa hiyo barua hii inashuka kwa miguu mpaka ilipo Fuso. Mbuzi amezaa. Jino la katekista limeng'olewa, ameanza tena kuimba, tuombee.

Stambuli tumemzika Jumatano.

Iliki tumeianika ndani kwa sababu ya unyevu. Kisomo cha arobaini yake kitakuwa Jumapili tarehe 22 Juni, nyumbani kwa mjane wake Bi Mwanaheri. Sikuombi kitu. Nataja tarehe tu, kama watu wanavyotaja tarehe.

Mikaeli


Bigwa
1 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Pole. Pole sana, Mjomba wangu. Mama amelia, mimi nimelia, na Mwinjuma aliyeleta barua amelia kwa kutusindikiza.

Nimeitazama tarehe na sikujua nifanye nini. Ndiyo siku ya uzinduzi. Sufiani anasema wameshachapisha fulana zenye uso wangu na paja, na nisipotokea nimejifukuza mwenyewe. Utanisamehe? Nitakuja Julai.

Najua ulimzika vizuri. Nisimulie ulisema nini pale kaburini. Ulilala ndani? Uligoma kutoka? Yale maneno uliyomwekea, walicheka?

Prisca


Matombo
8 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua imepungua. Mwana wa mbuzi ni dume, tumemwita Kidole Gumba kwa sababu hana subira.

Umeuliza nilisema nini kaburini. Migomba ya upande wa chini inahitaji kupunguzwa machipukizi, yamesongamana, na nisipoyatoa mwezi huu mikungu ya mwakani itakuwa midogo. Pia paa la jiko linavuja. Katekista anaimba wimbo mmoja tangu alfajiri.

Nenda kwenye kuku wako, usiwe na wasiwasi nasi.

Mikaeli

[Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:]

Dada Prisca, ni mimi dereva Mwinjuma. Samahani nimesoma. Siku ile mjomba wako hakusema kitu. Alisimama na jembe, watu wakamsubiri aanze, Bi Mwanaheri akamwambia "Haya, mtani, tuchekeshe," naye mdomo ukatetemeka tu. Tukafukia kimya. Mimi sijawahi kuona msiba wa watani ukiwa kimya vile, ulitutia baridi. Tangu hapo hatoki nyumbani. Ile chane ya ndizi ya Februari niliila mimi.


Matombo
29 Juni 2025

Mpwa wangu Prisca,

Umeondoka na Fuso bila kuaga, mdomo wangu ukiwa bado haujakaa sawa, kwa hiyo nakuandikia niliyotaka kukuambia.

Nilipokuona siku ya arobaini unashuka kutoka juu ya matenga ya nyanya, umevaa ile fulana yenye uso wako na paja, nilijua tumekwisha. Na kweli, vijana wakaanza pale pale, "Paja! Paja!" Bi Mwanaheri maskini, kwa ukarimu wake, akakuwekea mbele sahani ya pilau na paja juu. Nilikutazama. Nikasema moyoni, akilila hili, basi utani wetu umeingia kwenye simu na hautatoka.

Ukalisogeza. Ukasema, "Bado sijasalimia."

Mwanangu, ulisalimia! Ulianza na shehe, ukaja kwa wazee, ukamfikia kila mtu kwa jina la mama yake. Ulimuuliza katekista habari za jino, akajibu, ukamuuliza habari za jino la jirani lililobaki peke yake. Ulimuuliza Mwinjuma habari za chane. Shehe alitazama saa, ukaiamkia na saa yake. Watu walikuwa wanacheka na wewe hujaanza. Na wale vijana waliokuwa wamekuelekezea simu, mikono iliwachoka wakaziteremsha, wakabaki wanasikiliza kama watu.

Ndipo ukauliza, "Mzee Stambuli mwenyewe yuko wapi? Mjomba wangu amekaa na jogoo asiyemtaka." Ukaanza kutembea kama yeye. Bega lile la kulia juu, kile kikohozi chake cha kujificha ambacho kijiji kizima kilikisikia. Ukaninyemelea, ukanivua kofia, ukaenda kujificha nyuma ya Bi Mwanaheri huku makalio yako yakionekana, kama alivyokuwa akijificha yeye nyuma ya mgomba mwembamba kuliko tumbo lake. Kisha ukarudi, ukaniwekea unyoya mmoja miguuni.

Nasema wazi, nililia. Nilicheka na kulia pamoja, na kamasi zikashuka, na sikuzifuta. Nikasimama nami, nikawaambia Stambuli ametangulia makusudi, kwa sababu alijua zamu yangu ya kuiba imefika na nimeshapiga hesabu ya godoro lake. Bi Mwanaheri alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema, "Sasa amezikwa."

Nilikiogopa kimya kile cha kaburini, Prisca. Nilidhani nimemvunjia ahadi na haitengenezeki.

Nawe hukusema lolote kuhusu mkataba. Na kofia yangu umeondoka nayo. Nimefurahi, lakini niletee tu habari zake.

Mikaeli


Bigwa
27 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo, na Bi Mwanaheri shikamoo, na Kidole Gumba habari yake.

Mkataba amepewa kijana wa Dar anayekula kuku mzima bila kutumia mikono. Ana kipaji, siwezi kumwonea wivu. Sufiani aliniacha siku ileile kwa ujumbe mfupi, hata nukta hakuweka. Mama akaniandalia sare ya duka, akaipiga pasi, akaining'iniza mahali nitakapoiona.

Lakini Mwinjuma ana mdomo. Kila abiria aliyepanda Fuso kutoka Matombo mpaka mjini alisimuliwa ile arobaini, na wiki mbili baadaye watu wa Kiroka wakaniita, kisha wa hapa Bigwa wakakodi ukumbi wa shule. Nikawasalimia, Mjomba. Nikauliza mama zao. Muda ulikwenda na mimi bado nilikuwa kwenye salamu, na watu wameweka simu chini wanajifuta machozi. Walipoanza wachache "Paja!" nikawaambia subirini, bado sijajua kwenu.

Na katikati akasimama mtu mnene mlangoni. Yule baba wa Gairo! Amekuja na pikipiki mpaka kituoni na basi mpaka Bigwa. Akaja mpaka jukwaani, akainama, akanivua kiatu kimoja, akarudi nacho akakaa nacho mapajani. Akasema, "Endelea, mtani."

Nilimaliza nikiwa na kiatu kimoja. Sijawahi kuchekesha vile. Kwa kuwa ana ukumbi wake, sasa anataka niende Gairo kila mwezi, naye kila mwezi anipokonye kitu. Sufiani amerudi, anasema watu sasa wanataka vichekesho virefu na yeye ndiye aliyekuwa anasema hivyo siku zote. Mama ameivaa sare mwenyewe, anauzia maandazi.

Kofia yako ninaivaa jukwaani. Huipati.

Prisca


Matombo
10 Agosti 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Iliki imekauka vizuri. Migomba nimeipunguza. Katekista Ezekiel ameanza kwaya na sina la kusema, yatosha kwamba nimekutajia. Kuhusu kofia, kaa nayo. Ilikuwa ikufikie siku moja, nami nafurahi imekufikia nikiwa hai na kichwa changu kinapigwa jua.

Yule baba wa Gairo nimempenda. Safari ijayo muulize mama yake anaitwa nani, uniandikie.

Sina mengi. Leo asubuhi nilichelewa kuamka. Kulikuwa kimya, nikashangaa, maana tangu Aprili jogoo yule amekuwa akiniudhi kabla ya jua. Nikatoka. Banda lilikuwa wazi na mkungu mpya wa karibu na njia umekatwa. Ndani ya shamba nikasikia kikohozi kile cha kujificha, kisha kicheko cha msichana, na nikaona khanga ya Mwanaasha ikikimbia bondeni na kitu kinapiga mbawa chini yake.

Mlangoni kulikuwa na unyoya mmoja.

Mwambie mama yako nimeibiwa. Mpigie kelele, asikie vizuri.

Mikaeli